Naomba ushauri: mdogo wangu kaacha shule, ila gereji anaiweza

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 17, aliacha shule kidato cha kwanza na hataki kusikia habari za darasani. Lakini gereji, jamani! Juzi nimemkuta amefungua kabureta ya bodaboda, visehemu vyote kavipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wa kuvirudisha. Roho iliniuma, maana nyumbani bado anaitwa mvivu.

Nawaza asome jioni, afanye mtihani wa maarifa, ile QT ya kumfungulia njia, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Au abaki gereji, baadaye VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wampime na kumrasimishia ujuzi apate cheti? Mliopita njia hizi, ipi iliwapa kazi kweli? Na jioni anarudi hoi, mlisomaje?