Tanga–Segera: nyutro au gia, kiyoyozi au vioo, 80 au 110?

Mtoto wa Chumbageni
Wadau, habari za mchana. Nina Toyota IST ya petroli, oto, na kazi inanipeleka Segera mara kwa mara, njia ya Pongwe na Muheza. Mafuta yananimaliza, na moshi tunaouacha barabarani unanisumbua rohoni pia. Tulinganishe: kwenye mteremko niachie nyutro (N) au nibaki D, gia ya kwenda mbele? Kiyoyozi au vioo wazi? Mwendo wa kilomita 80 au 110 kwa saa? Mwenye kujua atoe na sababu.

Utingo Mstaafu
Nyutro, mwanangu. Kwenye malori ya zamani tuliachia gari likashuka lenyewe, mafuta yakabaki kwenye tenki. Mteremko ni wa bure.

Fundi wa Ngamiani
Shikamoo mzee wangu. Kwa injini ya kabureta sikubishii. Ila IST inapuliziwa mafuta kwa nozeli, na nozeli zinaongozwa na kompyuta. Ukitoa mguu huku gari liko D na lina mwendo, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, kwa hiyo kompyuta inakata mafuta. Nikichomeka mashine ya kupimia nikakaa pembeni ya dereva, naona kabisa: mguu ukitoka, muda wa nozeli kufunguka unashuka hadi sifuri. Mzunguko wa injini ukishuka sana ndipo mafuta yanarudi ili isizime. Ukiweka N, injini inabidi ijizungushe yenyewe, na hapo inakunywa muda wote wa mteremko.

Utingo Mstaafu
Marahaba, fundi. Lakini kwenye D gari linajivuta, halifiki mbali kama nyutro. Si utakanyaga tena?

Fundi wa Ngamiani
Hoja yako ni ya kweli mzee. Mteremko ukiwa mdogo, usitoe mguu wote, bakiza kidogo tu gari lishike mwendo wake. Faida ya kukata mafuta unaipata pale unapotaka kupunguza mwendo: umeona tuta au kibao cha 50 mbele, toa mguu mapema, gari lifike limepoa bila kukanyaga breki. Kila ukikanyaga breki, mafuta uliyochoma kupata ule mwendo yanageuka joto la breki.
Na nyutro kwenye milima naikataa moja kwa moja. Njia ya kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kupitia Soni, ukiachia nyutro mzigo wote unabebwa na breki. Zikishapata moto, pedeli inazama na gari halisimami. Pale shuka na gia ndogo.

Dada wa Raskazone
Mimi niseme la kiyoyozi. Mjini, mwendo mdogo, vioo wazi vinatosha na upepo wa bahari tunao. Ukishatoka Pongwe ukaongeza mwendo, vioo vilivyo wazi vinakamata hewa na kuvuta gari nyuma, kwa hiyo funga uwashe kiyoyozi kwa kiasi. Gari likikaa juani, fungua milango yote kwanza joto litoke, ndipo uwashe. Vinginevyo unachoma mafuta kupoza tanuri. Na jamani, tuache kuwasha gari tukae ndani nusu saa kumsubiri mtu sokoni. Injini inakunywa, gari haliendi popote, na mama anayeuza vitafunwa pale nyuma ndiye anayevuta ule moshi. Hilo linaniuma kuliko bei ya sheli.

Dereva wa Coaster
Swali kubwa ni la mwendo, hayo mengine yanafuata. Ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 hadi 110, hewa inakusukuma nyuma karibu mara mbili. Na unapata nini? Tanga–Segera ni kama kilomita 70. Hata barabara ingekuwa tupu, 80 ni dakika 53 na 110 ni dakika 38. Lakini si tupu: kuna Muheza, kuna vijiji vya 50, kuna matuta, kuna malori ya saruji pale Pongwe. Wale wanaonipita kwa fujo nawakuta wamesimama nyuma ya lori lilelile. Shika 80 bila kupandisha na kushusha, na keria kama haina mzigo, ishushe.

Mtoto wa Chumbageni
Asanteni sana. Hivyo nikishika 80 moshi nao unapungua kweli?

Fundi wa Ngamiani
Unapungua, kaka. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, dizeli kama 2.7. Usiyoichoma haitoi. Kupima: jaza tenki hadi pampu ijikate, andika kilomita, tembea, jaza tena sheli ileile, gawanya kilomita kwa lita. Kabla ya kuanza, angalia upepo wa matairi. Tairi laini linashikilia barabara na kula mafuta.

Mtoto wa Chumbageni
Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani, kimeandikwa 220 kPa. Ndiyo ngapi?

Fundi wa Ngamiani
Ni PSI 32 kwa mita ya wajaza upepo wetu. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Likishatembea linasoma juu.