Qatar kutupatanisha: ni dini ao ni mafaranga?

Wa Birere (Goma): Batu bangu, toka Kinshasa na waasi ba AFC/M23 basaini ile karatasi ya amani kule Doha, mu Qatar, tarehe 19/7/2025, bamoja banasema Waislamu beko na kipaji cha suluhu, bengine banasema dini haina kazi mu mambo ya mataifa, Qatar inatafuta mafaranga tu. Mi naona bote banakosea. Qatar ni leta (serikali), inatafuta faida yake kama leta zote. Lakini elimu ya mikataba iko mu Uislamu toka zamani, al-Shaybani, mwanasheria wa Kiislamu mwenye alikufa mwaka 805, aliandikaka juu ya vita, amani na wajumbe, Grotius, mwanasheria Muholanzi, alikuja na kitabu chake cha sheria ya vita na amani mu 1625, na bado Wazungu banasema sheria ya mataifa ni yabo eti

Mwana Katuba (Lubumbashi): Kaka, mambo ya 805 na siye wapi na wapi? Bale mafaqihi (wanasheria ba Kiislamu) si ndio baligawanya dunia mbili, dar al-islam (inchi ya Uislamu) na dar al-harb (inchi ya vita)? Na waasi ba ADF kule Beni banaua batu kwa jina la dini, ita basi hiyo diplomasi

Wa Birere: Kuua raia mu mashamba hakuna faqihi wa maana mwenye anaruhusu, weka hiyo pembeni. Na ile dunia mbili ni mafaqihi baliichora, mu Kurani haiko. Yenye iko ni sura ya Anfal, aya ya 72: Waislamu bakikuomba musaada juu ya dini ubasaidie, ila si juu ya batu benye muko na mkataba nabo. Yaani mkataba unashinda undugu wa dini!! Na Hudaybiyya, 628, mkataba wa Mtume na Makureshi ba Maka, ulisema mwenye anatoroka Maka arudishwe: Mwislamu Abu Jandal alifika na minyororo anatoroka Maka, mkataba haujaisha hata kuandikwa, Mtume akamurudisha kwa baba yake Suhayl, mjumbe wa Makureshi. Iliuma masahaba sana, Umar alilalamika waziwazi

Mama wa Kadutu (Bukavu): Muzuri, ila Hudaybiyya ilikuwa ya miaka 10 na haikumaliza ata 2, washirika ba Makureshi balivunja, 630 Mtume akaingia Maka. Na leo? Saudia, Imarati, Bahrain na Misri balifungia Qatar mipaka toka 2017 mpaka 2021, bote Waislamu, bote beko mu OIC, umoja wa inchi za Kiislamu, na memba zake 57. Basi kaka wa Birere, hii ya Doha upande mumoja ukivunja, nani atabakamata mukono?

Wa Birere: Mama, hapo umenishika. Karatasi inataja kusimamisha vita na kufungua bafungwa, mi naangalia hao bafungwa kwanza