TTCL na asilimia 49 za Airtel: serikali ibaki kwenye biashara ya simu?

Steshenari Kilombero (mtoa mada), Arusha

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja ambayo imetugawa vibaya huku mjini. Serikali yetu inamiliki TTCL, shirika la simu la taifa, yote, asilimia 100, na hapohapo ina asilimia 49 za Airtel Tanzania. Ibaki humo au iuze?

Turudi nyuma kidogo, maana wengi wanaijua hadithi kuanzia 2016. Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, upande wa simu ndio ukawa TTCL. Februari 2001 serikali ikauza asilimia 35 kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyokubaliwa ni dola milioni 120. Zikalipwa 60, zilizobaki zikageuka ugomvi wa mahesabu. Mwaka huohuo ikazaliwa Celtel Tanzania, kampuni tanzu ya TTCL. Mwaka 2005 Celtel ikatenganishwa, ikaondoka na biashara ya simu za mkononi, ikawa Zain, halafu ndiyo hii Airtel. TTCL ikabaki na nguzo, nyaya za shaba na simu za mezani ambazo watu walikuwa wameshaanza kuzifunika vitambaa. Mwaka 2016 serikali ikazirudisha zile asilimia 35 kwa shilingi bilioni 14.9, kama dola milioni 7 kwa kiwango cha wakati ule. Nyama ilishaliwa, tukanunua mfupa.

Desemba 2017 Rais Magufuli akasema Airtel ni mali ya TTCL na uchunguzi ufanyike. Januari 2019 yakafikiwa makubaliano: Bharti ya India, mbia mkubwa wa Airtel, ikashuka kutoka asilimia 60 hadi 51, serikali ikapanda kutoka 40 hadi 49 bila kulipia nyongeza hiyo, tukaahidiwa shilingi bilioni moja kila mwezi kwa miaka mitano, na dai la kodi likafutwa. Wapo wanaosema tulishinda. Mimi nauliza tulishinda nini hasa.

Msimamo wangu ni huu: mkongo, yaani nyaya kuu zinazobeba intaneti ya nchi, usiguswe, laini ziuzwe. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, TTCL ndiyo inauendesha, na kampuni nyingine zinakodi humo. Umepita hapa kwetu hadi Namanga kuunganishwa na Kenya. Hiyo ni njia kuu ya uchumi kwa maana ileile ya Azimio lililotangazwa mji huuhuu 1967. Lakini kuuza vocha na bando? Serikali inamtaka mteja mmoja kwa mikono miwili: TTCL inamvuta, Airtel inamvuta. Washindani wanakodi mkongo kwa huyohuyo. Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayowasimamia wote, ni chombo chake. Hapo mwekezaji wa tatu anaingiaje bila kuwaza mara mbili?

Msiniambie hisa zinaipa serikali nguvu ya kusimamia mitandao. Nguvu iko kwenye leseni. Tozo za miamala za Julai 2021 zilikata laini zote, iwe Voda, Tigo, Airtel au TTCL. Intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, haikuchagua kampuni ya nani. Sisi tunaofanya kazi na watalii tunajua: mgeni yuko uwanja wa ndege wa KIA, uthibitisho wa hoteli uko kwenye barua pepe, na hakuna pa kuufungulia. Hakuna aliyehitaji asilimia 49 kufanya lile.

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Wakala Mbuyuni, Moshi

Kaka, umeongea vizuri mpaka hapo kwenye tozo, halafu ukageuka. Ukisema serikali inatukata hata isipokuwa na hisa, basi hisa ndiyo angalau ina faida! Tozo inatoka mfukoni kwangu na kwa mteja wangu. Gawio linatoka kwenye faida ya kampuni. Mimi ningependa wachukue huko zaidi ya kunichukulia mimi.

Nakumbuka tozo zilipoanza. Mama wa nguo za mitumba hapa sokoni alikuwa anatuma hela Dar kila jioni kwangu. Akaanza kumpa kondakta wa basi bahasha. Kamisheni yangu ikashuka, floti, ile hela ya kuzungushia, ikalala. Septemba wakapunguza kwa asilimia 30, wateja wakarudi mmojammoja, wengine hawajarudi mpaka leo. Sasa wewe unataka serikali iuze hisa ikale hela ya mara moja. Ikiisha, itaenda wapi kutafuta? Itarudi kwangu.

Airtel imekuwa ikitajwa kwenye kampuni zinazotoa gawio serikalini. Hiyo ibaki. TTCL hiyo sijui, wateja wa T-Pesa, huduma yake ya pesa, hapa kwangu ni wa kuhesabu, wengi hawaiulizi kabisa.

Chalii wa Sakina

Mnaosema serikali haiwezi biashara ya simu, Halotel ni ya nani? Mwenyewe ni Viettel, ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Wameingia 2015, wakachimba mpaka vijijini ambako mitandao mingine ilikuwa haijafika. Serikali inaweza sana, ila ya wengine.

Mstaafu wa Soweto, Moshi

Vijana, shikamooni kwa kunikumbusha mengi, ingawa nilitakiwa kuamkiwa mimi.

Nyie wa Arusha mna General Tyre, kiwanda cha matairi. Serikali ilikuwa na hisa nyingi, mbia wa nje chache, na kiwanda kikafungwa. Kila utawala unaahidi kukifufua. Sisi Moshi tuna TPC, kiwanda cha sukari. Mwaka 2000 serikali iliuza asilimia 75 kwa wawekezaji wa Mauritius, ikabaki na 25. Miwa inavunwa, sukari inatoka, kodi inalipwa, na serikali inachukua gawio lake bila kumpangia mtu zamu ya trekta. Benki ya NMB ni vivyo hivyo: serikali haifiki hata theluthi moja ya hisa, na ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa vya gawio.

Kwa hiyo ugonjwa si serikali kuwemo. Ugonjwa ni serikali kuwa peke yake. Shirika likiwa la asilimia 100, mkurugenzi anasubiri simu kutoka juu. Taasisi za umma zinahimizwa kutumia huduma yake, zinatumia, kisha zinachelewa kulipa, na yeye hana ubavu wa kuwakatia kwa sababu anayedaiwa na anayemteua ni mmoja. Hapo ripoti ya CAG, mkaguzi wa hesabu za serikali, ikitoka na neno hasara, mnashangaa nini? Mbia mwenye hela yake ndani asingekubali deni la miaka mitatu.

Na mnakumbuka 2007? Tulileta menejimenti ya nje kuiokoa TTCL, ikawa SaskTel ya Kanada. Nayo ni mali ya serikali, ya jimbo la Saskatchewan. Kwao walikuwa wanaiweza kazi. Huku hawakudumu.

Namuunga mkono mtoa mada nusu. Serikali isiuze Airtel. TTCL itafutiwe mbia.

Mguu Mlimani, Moshi

Mimi ni muongoza watalii, nimepanda njia ya Marangu mpaka magoti yananisema. Agosti 2022 TTCL walizindua intaneti pale kambi ya Horombo, mlima Kilimanjaro, mita 3,720. Kabla ya hapo kulikuwa na sehemu za kusimama ndipo simu ishike, unamkuta mpagazi kasimama juu ya jiwe kainua mkono kama anaapa. Mgeni akizidiwa usiku, redio ikigoma, unamtuma kijana ateremke na tochi. Sasa unaandika ujumbe, gari la kubeba mgonjwa linajiandaa chini.

Niambieni kampuni gani binafsi ingepeleka mitambo kule kwa hesabu ya faida. Mteja wa kule yuko siku sita, anashuka, anapanda ndege. Hiyo ndiyo maana ya shirika la umma. Mstaafu, mbia wako mwenye hela yake ndani angeidhinisha Horombo?

Steshenari Kilombero

Mguu Mlimani, heshima yako, lakini kufika pasipo na faida kuna njia nyingine na tunaitumia tayari. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unatoa ruzuku na kampuni zinajenga. Mei 2023 ulisainiwa mkataba wa minara 758 vijijini. Tigo walichukua 262, Voda 190, Airtel 168, TTCL 104, Halotel 34. Yaani minara 654 kati ya hiyo inajengwa na wasio TTCL. Tangaza zabuni ya Horombo, weka ruzuku, uone kama watakosekana.

Mzee Mstaafu, marahaba. Mbia tulishampata 2001. Ndiye aliyetoka na Celtel mkononi. Mimi nataka wanunuzi wawe Watanzania, kupitia soko la hisa la Dar es Salaam.

Mstaafu wa Soweto, Moshi

Mwanangu, mbia wa 2001 hakuwa na kosa la kuwa mbia. Aliyesaini karatasi za 2005 upande wetu ndiye wa kuulizwa. Na hilo soko la hisa usilisifie harakaharaka. Voda walilazimishwa na sheria kuuza asilimia 25, wakauza 2017 kwa shilingi 850. Watu wakauza ng'ombe wakanunua. Baadaye bei ikaporomoka chini ya hapo. Ile ilikuwa kampuni inayoongoza kwa wateja. TTCL, ambayo kwenye takwimu za TCRA ni ya mwisho kati ya mitandao mikubwa, utamuuzia nani kwa ngapi?

Chalii wa Sakina

Mstaafu kagonga palepale. Mjadala wa kuuza au kutouza hauna maana kama hatujui tunamiliki nini. Wakenya hapo ng'ambo ya Namanga, serikali yao ilikuwa na asilimia 35 za Safaricom. Desemba 2025 ilipotangaza kuwauzia Vodacom asilimia 15 kwa shilingi 34 za Kenya kwa hisa, kila mtu alikuwa na bei mdomoni, wanabishana kwamba ni ndogo. Sisi ya Airtel 2019 tulitangaziwa matokeo. Mkataba wenyewe nani humu kauona?

Msajili wa Hazina, anayeshika hisa za serikali, aliwakusanya wenyeviti na watendaji wakuu wa mashirika ya umma hapa ukumbi wa AICC 2023, akawakusanya tena 2024. Magari yalijaa mpaka barabarani. Hesabu za TTCL zilizokaguliwa zingetolewa siku hiyohiyo kwa Kiswahili, mapato ya mkongo upande huu, ya laini upande ule. Vikichanganywa, huwezi kujua kipi kinambeba mwenzake.

Wakala Mbuyuni, Moshi

Hapo kwa chalii nakubali. Mimi mwenyewe na kibanda changu naandika kamisheni ya kila laini ukurasa wake. Ikifika mwisho wa mwezi najua ipi inanilisha.

Mguu Mlimani, Moshi

Mtoa mada hujanijibu vizuri. Zabuni ya Horombo sawa, ila laini za TTCL zikishauzwa, ule mtambo unakuwa wa nani? Akiununua mtu akaona haumlipi, si anaung'oa?

Steshenari Kilombero

Unabaki kwenye mkongo, pamoja na minara yote iliyojengwa kwa hela ya umma. Mnunuzi anachukua wateja, namba na masafa aliyolipia leseni. Akitaka kusikika Horombo anakodi pale, na Voda akitaka anakodi, na Halotel pia. Mwenye mkongo hauzi bando, kwa hiyo hana sababu ya kumbania yeyote. Kuhusu wafanyakazi, kabla hamjaniuliza, hilo ndilo gumu na sitaki kulijibu kwa mstari mmoja. Mstaafu, kama unajua wafanyakazi walitendewaje Celtel ilipotenganishwa 2005, anzia hapo.