Naomba ushauri: sindano ya kuzuia homoni haitamletea dada kisukari?

Muulizaji: Habari zenu, wanajukwaa. Dada yangu ana akromegali, yaani ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini. Pete haziingii tena vidoleni na viatu vya zamani vinambana. Amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, lakini homoni ya ukuaji bado iko juu, hivyo daktari amependekeza sindano ya oktreotidi kila baada ya wiki nne. Nimesoma kwamba dawa hiyo huiga somatostatini, homoni ya mwili inayozuia homoni nyingine, hata insulini. Je, hatutatibu ugonjwa mmoja na kukaribisha mwingine?

Mchangiaji wa kwanza: Pole kwa kuuguza. Hofu yako ina msingi, ila hiyo ni nusu ya habari. Somatostatini, iliyotambuliwa mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin, hutoka kwenye ubongo na pia kwenye seli za delta za kongosho, ambako huzuia insulini inayoshusha sukari pamoja na glukagoni inayoipandisha. Tena homoni ya ukuaji ikizidi, yenyewe hupandisha sukari, kwa hiyo kuidhibiti kunaweza hata kumsaidia. Ndiyo maana wagonjwa hutofautiana, na hakuna wa kukuhakikishia upande wowote bila vipimo: apimwe sukari kabla ya kuanza na aendelee kupimwa.

Muulizaji: Ahsante. Kwa nini asipewe somatostatini yenyewe?

Mchangiaji wa kwanza: Huvunjwa mwilini ndani ya dakika chache, hivyo angelazimika kukaa kwenye dripu. Oktreotidi ina asidi amino (vijenzi vya protini) 8 badala ya 14 za somatostatini na haivunjwi upesi. Ile ya kila mwezi imefungiwa ndani ya chembechembe zinazoiachia polepole katika msuli wa tako.

Mchangiaji wa pili: Mimi naitumia, na naona mnasahau kifuko cha nyongo. Dawa hii hukizuia kujikamua vizuri baada ya mlo, nyongo hutuama, na baadhi yetu hupata mawe. Aombe ultrasaundi mapema. Miezi ya mwanzo anaweza kuharisha au kupata choo chenye mafuta. Muuguzi naye aiache dawa ipoteze ubaridi wa friji, kisha aichome mara tu baada ya kuichanganya, kwani ikikaa hutuama na kuziba sindano.

Muulizaji: Nashukuru. Tayari anameza vidonge vya kushusha sukari, jambo ambalo sikulitaja.

Mchangiaji wa kwanza: Basi daktari alijue hilo kabla ya sindano ya kwanza, maana huenda dozi ya vidonge ikahitaji kubadilishwa.