Pointi 168,000 na mama anaumwa goti: Makka tulale jirani na Haram (Msikiti Mkuu) au mbali kwa bei nafuu?

Mkisauni_Halisi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina jambo linaloninyima usingizi wiki ya pili sasa, na nyumbani kila mtu ana lake la kusema.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni ya mizigo ya bandarini, na kwa miaka mitatu kampuni imekuwa ikinituma Kampala na Kigali kufuatilia makontena. Kampala nalala Sheraton, Kigali nalala Marriott, na zote mbili zimo katika mpango mmoja wa uanachama, Marriott Bonvoy. Kampuni inalipa, pointi zinaingia kwa jina langu. Nilimuuliza mkuu wangu kabla sijazigusa, akasema ni zangu, nitumie nipendavyo. Kila dola moja inaleta pointi 10, na mwaka nilipofikisha usiku 50 nikawa Platinum, daraja ambalo linaongeza nusu juu ya hizo 10. Leo nina pointi 168,000.

Inshallah mwezi wa Safar nataka kumpeleka mama Umra. Makka usiku tano, Madina usiku nne. Mama ana miaka 71, ana kisukari na anajidunga insulini, na goti lake la kulia limechoka. Hajawahi kufika. Marehemu baba alimuahidi tangu mimi niko darasa la sita.

Nimeona njia tatu.

Ya kwanza ni hoteli ya nyota tano eneo la Jabal Omar, upande wa lango la Mfalme Fahd, unavuka tu unaingia uwanja wa Haram. Ukilipa taslimu ni riyali 1,100 kwa usiku, sawa na dola 293. Kwa pointi ni 40,000. Na kwa Bonvoy ukichukua usiku tano mfululizo kwa pointi, mmoja haulipii, kwa hiyo jumla inakuwa 160,000. Pointi zangu zote zimekwenda.

Ya pili ni hoteli ya Bonvoy vilevile lakini ya kule mtaa wa Kudai, ambayo wageni wanapelekwa Haram kwa basi. Pointi 20,000 kwa usiku, au riyali 300 taslimu. Hapo pointi zingebaki hata za Madina.

Ya tatu ni hoteli ya kawaida mtaa wa Aziziyah, riyali 140. Kaka yangu mkubwa yuko upande huu. Anasema pointi niziweke, siku moja niwapeleke watoto mahali, na kwamba kulala kifahari kwenye safari ya ibada ni israfu.

Nilipomuuliza mama alikuwa barazani anapepeta mchele. Hakuinua macho kwenye ungo. "Mwanangu, naenda kwa Mwenyezi Mungu, siendi kulala. Nipe godoro tu." Halafu akataka kuingia ndani kwa adhuhuri. Akashika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, akasimama hapo kimya kama mtu anayehesabu, ndipo akatoa hatua ya kwanza. Nimemuona akifanya hivyo mara elfu, ila siku ile ndiyo niliyoangalia.

Waliokwisha kwenda na wazazi, nambieni. Tofauti ya hizo hoteli mama ataihisi, au ni mimi tu nitakayeihisi?

---

BabaRehema_Tanga

Waaleikum salaam. Ndugu yangu, mimi nilikwenda na mama 2023, tukalala Aziziyah. Nitakueleza ilivyokuwa kisha uamue mwenyewe.

Chumba hakikuwa na ubaya wowote. Safi, kiyoyozi kinafanya kazi, wahudumu watu wa heshima. Kwenye ramani ni kilomita chache tu. Taabu ni kwamba Makka hupimi kwa kilomita. Kabla ya sala barabara za kuelekea Haram zinafungwa, basi linawashusha pale lilipozuiliwa, mnamaliza kwa miguu. Baada ya sala ndiyo zaidi: watu malaki wanatoka kwa wakati mmoja na wote wanatafuta basi.

Siku ya pili, baada ya Isha, tulisubiri saa nzima na dakika ishirini. Mama akaketi ukingoni mwa barabara, akavua kandambili, akaiweka miguu juu ya ule mfuko wa nailoni wa kubebea viatu kwa sababu sakafu ilikuwa bado na joto la mchana. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Hili siyo letu?" kila basi lilipopita.

Kuanzia siku ya tatu tukawa tunakwenda mara moja kwa siku. Tunatoka kabla ya Magharibi, tunarudi baada ya Isha. Alfajiri, adhuhuri na alasiri tulisali msikiti wa mtaani. Nilimlipia mama safari nzima kwenda Haram, akasali Haram sala mbili kwa siku. Hilo bado linaniuma.

Na wewe unakwenda Safar. Miaka hii Safar inaangukia Julai na Agosti. Bei zimeshuka kwa sababu ni baada ya Hija, lakini ndio wakati jua la Makka linapiga kweli. Mtu wa kisukari usimsimamishe juani akisubiri basi.

---

WakalaShangani

Mimi ni wakala wa Umra Unguja, mwaka wa kumi na moja huu. Naomba niseme yale ambayo matangazo hayasemi.

Zile "mita 300 kutoka Haram" zinapimwa kutoka mlango wa hoteli hadi ukingo wa uwanja wa nje. Kutoka ukingo huo hadi mahali pa tawafu, yaani kuizunguka Al-Kaaba, bado una mwendo mzuri tu. Na mita hazisemi kama ni mlima. Mtaa wa Ajyad na sehemu za mtaa wa Misfalah zina miinuko ambayo kijana anapanda akihema. Nina mteja aliyechagua hoteli ya mita 600 badala ya 900, akakuta zile 600 zote ni kupanda.

La pili, lifti. Kwenye majengo marefu, sala ikimalizika ukumbi wa chini unajaa kama stendi. Unaweza kuwa na chumba kinachotazama Al-Kaaba yenyewe na ukasubiri lifti nusu saa. Kwa mzee wa magoti, ghorofa ya 4 isiyo na mandhari inashinda ghorofa ya 25 yenye mandhari. Ombeni ghorofa ya chini kwa maandishi, mapema.

La tatu, nikwambie ukweli ingawa unanikosesha kamisheni: ukichukua hoteli kupitia kwangu, au kupitia tovuti za kuuza vyumba, kwa kawaida hupati pointi wala manufaa ya Platinum. Ni lazima uchukue moja kwa moja kwao. Lakini viza ya Umra ya mama itapita kwa wakala, na siku hizi makazi yanaandikishwa kwenye mfumo wa Saudia pamoja na viza. Kwa hiyo kabla hujazitoa pointi zako, muulize wakala wako kama chumba ulichochukua mwenyewe kitakubalika na kinaandikishwa vipi. Chukua tarehe ambazo zinaruhusu kufuta, na uijue siku ya mwisho ya kufuta.

Kama ningekuwa wewe ningetazama pia njia ya nne: hoteli ya nyota nne barabara ya Ibrahim Khalil, ile sehemu ya tambarare iliyo karibu. Kwa Safar unaweza kupata kwa riyali 350 hivi. Si ya kifahari, hupandi basi, na pointi zako zinabaki. Kiti cha magurudumu utakipata Haram, na ghorofa za juu kuna vigari vya umeme kwa tawafu na sa'yi (mwendo kati ya Safa na Marwa).

---

UmmSalma_Muscat

Kaka, mie nimekwenda mara nne na mama mkwe wangu kutoka hapa Maskati, na pointi nazikusanya kama wewe. Tufanye hesabu kwanza.

Jabal Omar: riyali 5,500 kwa usiku tano, au pointi 160,000. Maana yake kila pointi 1,000 inakununulia riyali 34. Kudai: riyali 1,500, au pointi 80,000 (hapo pia usiku mmoja haulipii). Kila pointi 1,000 inakununulia riyali 18 na kitu. Pointi zilezile, thamani karibu nusu. Pointi zitumie pale ambapo taslimu ingekuumiza, na taslimu utumie pale ambapo bei ni ndogo. Tena tazama kama ile 1,100 ina kodi ndani yake. VAT ya Saudia ni 15% na mara nyingi inaongezwa mwishoni, wakati chumba cha pointi huongezewi.

Na usiziweke kwa ajili ya "siku moja". Bei za pointi zinapanda na kushuka na msimu tangu 2022, hakuna jedwali tena la kukuahidi kwamba 40,000 ya leo itakuwa 40,000 mwakani. Ukikaa miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, zinafutwa.

Kuhusu manufaa, nikwambie yaliyotusaidia kwa kweli. Kupewa chumba bora zaidi sikutegemei, hotelini wanakwambia "kukiwa na nafasi", na Makka nafasi ni ndoto. Kifungua kinywa ndicho kikubwa kwenu. Platinum kwenye hoteli yenye sebule ya wanachama anaingia yeye na mgeni mmoja wa chumba chake. Mama anarudi Alfajiri, anadunga sindano, anakula papo hapo yai na maharage, bila kuteremka mtaani kutafuta. Mama mkwe wangu pia ana sukari, na siku tuliyokula nje tukachelewa nilimuona anatokwa jasho midomo imekauka. Sitaisahau.

La pili ni kuachia chumba saa kumi alasiri. Siku ya kuhama mnasali adhuhuri Haram, mnarudi, anaoga, ananyoosha goti kitandani, ndipo mnakwenda Rusaifah kupanda treni ya Madina. Ukitolewa saa sita mnakaa na mabegi kwenye ukumbi. Ila hoteli za mapumziko na za mikutano hazilazimiki kukupa, wanatazama nafasi. Waandikie sasa, wakujibu kwa maandishi, uchapishe.

Mwisho, Madina usitumie pointi hata moja. Madina ni tambarare. Hoteli za kawaida eneo la Markazia zimeuzunguka msikiti, na huko hakuna mlima wala handaki. Chukua taslimu, upande wa kaskazini, kwa sababu wanawake wanaingilia huko. Fahari ya Makka mnalipia mahali ilipo. Fahari ya Madina mnalipia zulia.

---

Hamisi_wa_Ngamiani

Kuhusu israfu: kaka yako ana haki ya kuogopa, lakini pesa hizi hazikutoka kwenye chakula cha mtu. Kumsogeza mama mwenye maradhi karibu na msikiti sioni israfu iko wapi. Ukiwa peke yako, kijana, hapo ningemuunga mkono yeye.

---

Mkisauni_Halisi

Mungu awalipe kheri nyote. BabaRehema, nimesoma habari ya mama yako ukingoni mwa barabara mara tatu, kisha nikamsomea kaka yangu kwa simu. Alinyamaza, halafu akaniuliza, "Hiyo ya karibu bado ipo?"

Dada UmmSalma, hesabu yako ilinifungua macho. Nilikuwa nikiitazama 160,000 kama kitu ninachopoteza, wala sikuwahi kugawanya kuona kila pointi inanunua nini. Kudai nimeiacha. WakalaShangani, ile ya Ibrahim Khalil niliifikiria kwa dhati, na kama sina pointi ndiyo ningeichukua bila kusita. Kilichoamua ni chakula cha alfajiri na ile saa kumi.

Jana usiku nimechukua Jabal Omar, usiku tano kwa pointi, na nina hadi siku tatu kabla ya kufika kufuta bila kukatwa. Wakala wetu wa hapa Mombasa amesema nimpelekee uthibitisho wenye jina la mama, ataulizia kuandikishwa kwanza kabla hajaomba viza. Madina nimepata hoteli ya nyota tatu upande wa kaskazini, riyali 210, taslimu. Kaka yangu amesema hiyo atalipa yeye.

Hoteli ya Makka wamenijibu leo asubuhi. Ghorofa ya 5, vitanda viwili, friji ndogo kwa ajili ya insulini. Kuachia chumba saa kumi wamesema watathibitisha siku mbili kabla, kwa hiyo hilo bado nalifuatilia.

Mama sikumwambia nyota ngapi. Nimemwambia msikiti uko ng'ambo ya njia na chumbani kuna friji ya dawa. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama mlango wa bafu una kizingiti. Sikuwa na jibu. Nimewaandikia tena.