Kazi ya kujitolea ya usanifu inameza michoro yangu binafsi

Swali: Ninachora hadithi ya picha kwa kujifurahisha, na wakati huohuo ninasanifu mabango na nembo za kikundi cha hisani bila malipo. Kwa kuwa maombi yao huja na tarehe ya mwisho, ilhali hadithi yangu haina, ndiyo inayoahirishwa kila mara. Nifanyeje bila kuwatupa?

Jibu: Kinachokula muda kwa kawaida si usanifu wenyewe bali marekebisho yasiyo na kikomo, hasa wanakamati wanapotuma maoni yanayopingana. Waombe wamteue msemaji mmoja, mkubaliane kwa maandishi kwamba kila bango litarekebishwa mara 2 tu, kisha uwatengenezee kiolezo ambacho watabadilisha wenyewe tarehe na mahali. Nembo uikabidhi katika faili la vekta, kama SVG, ambalo hukuzwa bila kupoteza ubora. Vinginevyo watakurudia kila wanapochapisha kitu kikubwa.

Jibu: Naafiki, ingawa makubaliano ya maandishi katika kazi ya hisani huwaudhi baadhi ya watu. Mimi huanza na mchoro wangu kabla ya kufungua barua pepe.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, kiolezo nikiandae katika programu yangu au yao?

Jibu: Yao, hata kama huipendi.