Naombeni msaada: jiji la ghorofa 300 kwenye riwaya yangu, msongamano unaandikwaje?

kalamu_ya_usiku

Wakuu habari zenu. Naandika riwaya ya kisayansi, mambo ya miaka 200 mbele huko, na hadithi yote inatokea ndani ya jiji moja lililojengwa kwenda juu, yaani jengo ndo jiji lenyewe. Nimeweka ghorofa 300, chini eneo la kilomita 1 kwa kilomita 1, watu milioni 2, matajiri juu kwenye jua maskini chini gizani, mvua ya kutu, taa za rangi kila kona. Nimefika sura ya nne nimekwama maana kila nikirudia kusoma naona pazia la studio tu, hakuna mtu anaeishi pale. Nataka msomaji akose hewa. Nyie mngeanzia wapi?

hesabu_za_mtaani

Anzia kwenye kikokotoo mkuu, maana jiji lako halijabanana hata kidogo. Kilomita moja ya mraba mara ghorofa 300 ni mita za mraba milioni 300 za sakafu. Toa nusu nzima uifanye kuta, lifti, njia na mashine, zinabaki milioni 150, gawa kwa watu milioni 2, kila mtu anapata mita 75. Hapo mtoto mchanga ana nyumba yake peke yake yenye sebule.

Sasa chukua Kowloon Walled City ya Hong Kong, mtaa wa maghorofa yaliyobanana uliobomolewa miaka ya 1990, hii ndo inaigwa na kila mtu kwenye michoro ila wachache wanaangalia namba zake. Eneo hekta 2.6 tu, serikali ilipohesabu 1987 ikakadiria watu 33,000 hivi. Na majengo hayakuzidi ghorofa 14, kwasababu ndege za uwanja wa Kai Tak zilikuwa zinapita juu yake zikitua. Ukipiga hesabu ya wastani wa ghorofa 12 unapata kama mita 9 na nusu kwa mtu, na humo ndani kulikuwa na viwanda vya mipira ya samaki (vitonge vya samaki wa kusagwa), madaktari wa meno wasio na leseni, vichochoro na ngazi, vyote vilikula hizohizo mita 9. Kwa msongamano wa namna hiyo watu wako milioni 2 wanaenea kwenye kilomita yako kwa ghorofa 20. Ishirini! Au kama unang'ang'ania 300 basi punguza kiwanja kiwe mita 260 kwa 260.

Urefu na msongamano ni vitu viwili tofauti, waandishi wengi wanavichanganya.

kalamu_ya_usiku

Aisee. Ila urefu siwezi kuuacha, ndo jina la kitabu. Nachukua hiyo 260 kwa 260. Na matajiri juu maskini chini vipi, hiyo si inabaki palepale?

wa_top_floor_254

Inategemea nani anabeba maji, boss. Mimi hukaa Pipeline hapa Nairobi, ploti ya ghorofa nane na hakuna lifti, niko ya saba. Juu tunalipa rent kidogo kuliko wa katikati, na hakuna mtu anatuonea wivu. Siku maji imepotea unashuka na mtungi wa lita 20, unapanga laini, unapanda nayo ngazi, ukifika ya nne unaipumzisha kwa landing na unakuta wengine watatu wamepumzika hapo, hapo ndio habari zote za ploti hupatikana, nani amefungiwa nyumba, nani amehama usiku. Kuna watu nawajua kwa hiyo landing peke yake na sijawahi jua milango yao. Kama unataka scene ya msongamano weka watu hapo, wacha mvua ya kutu.

Wa ground nao wako na giza, jengo la jirani liko hapo karibu unaweza salimia mtu kwa mkono kupitia dirisha, taa inawaka saa saba mchana. So wote wako na shida, ni shida tofauti tu.

Halafu hii sio ya Nairobi pekee. Roma ya zamani maskini ndio walikaa juu kwenye zile nyumba za kupanga, juu moto ukishika wewe ndio wa mwisho kujua. Mpaka Augustus akaweka sheria ya urefu, futi 70 za Kirumi, kama mita 20 hivi. Tajiri alianza kupenda juu baada ya lifti kuja, karne ya 19. Kwa kitabu yako lifti ikikufa wiki moja hiyo penthouse inakuwa jela.

fundi_bomba_mstaafu

Huyo wa Nairobi kaongea. Mimi naongeza ya mabomba maana ndo kazi iliyonilea.

Kila mita 10 za maji kwenda juu ni presha ya baa 1. Ghorofa 300 ni kama mita 900, kwahiyo baa 90 pale chini, tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo. Huwezi kuweka bomba moja kutoka chini mpaka juu ukafungua koki ukanawa, koki itakutoa meno. Unafanya vituo, tangi na pampu kila ghorofa 15 hivi, kituo kinajaza cha juu yake nacho kinajaza kinachofuata, vituo 20. Sasa watu wanadhani umeme wa kusukuma ndo utaua jiji, hapana. Watu milioni 2 kwa lita 50 kwa siku ni tani 100,000, wastani wa kupanda mita 450, ukikokotoa ni megawati 5 mfululizo, na upotevu wa pampu weka 7 au 8. Kwa jiji ni kidogo hicho. Tatizo ni nani ana ufunguo wa kituo cha ghorofa ya 150. Huyo akifunga valvu, nusu ya jiji iliyo juu yake inamwita mheshimiwa. Haihitaji jeshi. Hapo una mtu mbaya wa riwaya bila kumvalisha joho jeusi.

Kowloon maji ya bomba la serikali yalikuwa ya kugombania, watu walichimba visima humohumo ndani wakapandisha maji kwenye matangi ya paani, yanashuka kwa vibomba vingi vimesokotana kwenye dari za vichochoro vinavuja usiku na mchana. Umeme nao kwa miaka mingi ulikuwa wa vishoka. Kwahiyo hiyo "mvua" yako unaweza kuibakisha, ila iwe inatoka kwenye bomba la mtu fulani na jirani yake anajua ni la nani na wamegombana.

Na usisahau maji machafu, waandishi wote mnasahau. Ile kona ya bomba chini ya sinki inayobaki na maji, kazi yake ni kuzuia hewa ya mfereji isirudi ndani. Ikikauka umekwisha. Mwaka 2003 Hong Kong, maghorofa ya Amoy Gardens, watu zaidi ya 300 walipata SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, na uchunguzi ukaonyesha zile kona za mifereji ya sakafuni zilikuwa zimekauka, feni za chooni zikawa zinavuta hewa ya mabomba kuingiza ndani. Watu hawajawahi hata kukutana.

mshihiri_wa_kibokoni

Mnazungumza ghorofa kama ni mambo ya kesho. Wazee wetu wametoka Hadhramaut huko Yemen, kule mji wa Shibam kuna maghorofa ya udongo mpaka ghorofa saba, mengi ya tangu karne ya 16, yamebanana ndani ya ukuta mmoja. Hawakubanana kwa kukosa ardhi, jangwa lote lile, ni kuogopa mafuriko ya bondeni na wavamizi. Chini mifugo na nafaka, watu juu, na baadhi ya nyumba zina vipito vya juu kwa juu, unaingia kwa jirani bila kukanyaga njia. Kwahivyo ndugu mwandishi tuambie kwanza, hao milioni 2 kwanini hawatoki nje? Kitabu kikinyamaza hapo mimi nakifunga.

kalamu_ya_usiku

Nje joto, nyuzi 55 mchana. Nilidhani inatosha.

mshihiri_wa_kibokoni

Usiku je?

mama_wa_magomeni

Nimesoma yote, hakuna alieuliza msiba. Mtu akifa ghorofa ya 240 maiti inashuka na lifti ya abiria au ya mizigo, na nani analipia? Turubai linafungwa wapi, wapishi wanaweka mafiga wapi na moshi ndani ya jengo hauna pa kutokea? Watu 200 wanakuja kukaa matanga kwenye chumba cha mita 9. Nyie wanaume mmejenga jiji zima hamna pa kuzikia.

fundi_bomba_mstaafu

Mafiga kwenye kituo cha pampu mama, ndo sehemu pekee yenye dari refu na feni kubwa za kutoa hewa.

kalamu_ya_usiku

Kwahiyo mwenye ufunguo wa valvu ndo anatoa kibali cha matanga pia. Naenda kuifuta sura ya nne, huyu mheshimiwa anafiwa na mama yake na wa juu wote wanagoma kuja. Mshihiri ya usiku nitakujibu, bado sina jibu.